Anayeonekana Vizuri

Mei 6, Jumatatu

Lenzi yangu imekufa. Jumamosi nilikuwa natoka kwenye harusi kijijini Pito, nimekaa nyuma ya bodaboda na begi la kamera begani, mbuzi akakatiza, dereva akafunga breki, tukaanguka, begi likapiga jiwe. Mimi nimechubuka kiwiko tu. Kamera yenyewe ni nzima, ila lenzi iliyokuwa ikijifokasi yenyewe sasa inakoroma na haisogei. Nimeitikisa, nimeitukana, ikakoroma tena.

Studio yangu iko Majengo, mjini, chumba kimoja kwenye safu ya maduka, ukuta kwa ukuta na saluni ya Sharon. Huu ndio msimu wa kazi. Watu wanavuna, wanaoa, watoto wanapata komunio, na mimi nina kamera isiyo na jicho. Nimeamua kuandika, maana nisipoandika nitamfuata yule dereva kijiweni kwake.

Mei 9, Alhamisi

Nimekwenda Pito kwa mama kumlilia shida. Hakunipa pole. Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa mchele, akachimba kwa vidole mpaka akaitoa lenzi ya baba.

"Mchele unazuia unyevu," alisema. "Kila mavuno naubadilisha."

Marehemu baba, Leonsi, alizunguka nusu ya Ufipa na lenzi hiyo enzi za filamu. Alifariki nikiwa sekondari. Sikujua kwamba mama alikuwa akiitunza miaka yote hii, na nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini anafagia uwanja. Ni ya chuma, nzito, ya kuzungusha kwa mkono. Ina pete mbili: moja ya kufungua na kufunga tundu la mwanga, nyingine ya kufokasi, yenye namba za mita zilizochongwa na kupakwa rangi nyeupe. Haikai kwenye kamera yangu bila adapta. Nimeagiza Dar.

Mei 16, Alhamisi

Adapta imefika na basi. Nimefunga lenzi, nimewasha kamera, ikaniambia hakuna lenzi. Nikaifungua na kuifunga upya, ikasema vilevile.

"Sista, kamera yako inaona mzimu," Sharon alisema. Alikuwa amemwacha mteja na dawa kichwani ili aje kunicheka.

Kumbe ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuiruhusu kamera ipige hata isipotambua lenzi. Nimeruhusu. Sasa inafanya kazi, ila panapotakiwa kuandikwa jina la lenzi na ukubwa wa tundu, kila picha inaweka vistari vitupu. Nimejifunza pia kuwasha ile alama nyekundu: unapozungusha pete, kingo za kitu kilicho sawasawa zinawaka nyekundu kwenye kioo cha kamera. Wekundu ukikaa kwenye kope za mtu, bonyeza. Nilimpiga Sharon. Kope zake zimetoka moja moja, masikio yake yametoka ukungu. Amefurahi, amesema masikio hayapendi hata yeye mwenyewe.

Mei 19, Jumapili ya Pentekoste

Baada ya misa, mzee Valerian wa Pito aliniita nipige ukoo wake wote: wanawe, wakwe, wajukuu, na mama yake mzazi, bibi Cornelia, kwenye kiti katikati. Wingu lilikuwa zito, nikafungua tundu lote. Tundu likiwa wazi hivyo, kina cha kuonekana ni chembamba, mtu akikaa hatua moja nyuma ya mwenzake anapotea. Nilifokasi kwa bibi, kwa heshima. Katoka yeye peke yake. Mikunjo ya uso, rozari, hata uzi uliochomoka kwenye kilemba. Wengine wote wanaonekana kama wamesimama nyuma ya moshi wa jiko.

Mzee Valerian alinuna. "Silvana, mimi nimevaa suti."

Mama alipoiona alisema baba asingefanya hivyo, angefunga tundu na kuwaambia watu wasipumue. Nilimwambia baba hakuwa na wateja wenye haraka. Alicheka mpaka akakohoa.

Mei 24, Ijumaa

Bibi Cornelia amefariki. Mjukuu wake, Flavian, amekuja asubuhi na ile picha ya Pentekoste nimkatie bibi, nimkuze, nimtie kwenye fremu ya kubeba mbele ya jeneza. Nimefanya.

Mei 28, Jumanne

Nimemsaidia mama kukata ulezi. Upepo ulikuwa unavuma tangu asubuhi. Yeye ndiye aliyekuwa akiniacha nyuma kila mwaka, lakini leo alikata kidogo akakaa juu ya mganda, akasema anaangalia kama nakata vizuri. Miguu yake imevimba juu ya kandambili. Nimemuuliza, akasema ni baridi.

Juni 2, Jumapili

Komunio ya kwanza. Watoto wameng'aa, mikono imekunjwa, pua zinavuja kwa baridi. Katekista Felisian aliingia katikati ya safu nilipokuwa nimekwishaweka fokasi, nikaona wekundu umehamia kwenye kola yake, nikabonyeza hivyohivyo kwa uchovu. Watoto wa pembeni hawakutoka vizuri. Wazazi wamelalamika, nami nimewaambia ukweli: mkono wangu bado haujaizoea pete.

Juni 5, Jumatano

Upepo tu.

Juni 10, Jumatatu

Katekista Felisian amefariki. Sukari ilimpanda akiwa njiani kurudi kutoka kigangoni. Nilikuwa namjua tangu akinifundisha amri za Mungu kwa fimbo ya mlonge, na nimelia. Mkewe aliingia studio akiwa na ile picha ya komunio.

"Hii ndiyo anayoonekana vizuri," alisema.

Nilikata, nikakuza. Kanisani ile fremu iliwekwa juu ya jeneza, na kabla ya wimbo wa kuingia nilisikia mwanamke mmoja benchi la nyuma akimwambia mwenzake kwa Kifipa, taratibu, kwamba ni lenzi ya marehemu Leonsi. Mwenzake alijifunga khanga upya na kunitazama.

Juni 13, Alhamisi

Nilimweleza Sharon wanachonong'ona, kwamba lenzi ya baba humchukua anayetoka vizuri, nikidhani tutacheka pamoja. Alicheka kweli. Kisha akaniomba nimwonyeshe ile picha yake ya siku ya kwanza, akazitazama kope zake, akasema, "Sasa hii si naonekana sana, dada?" Tulicheka tena, ila kicheko chake kiliisha mapema.

Juni 15, Jumamosi

Wanawake wa jumuiya wamenikodi kwa picha ya kikundi. Walijipanga, kisha mwenyekiti wao akaja kuninong'oneza.

"Mama, utupige vizuri. Ila usituweke sana."

"Nisiwaweke vipi?"

"Tuwe na ukungu kidogo. Wote. Asitokee mmoja."

Nimepiga picha miaka mingi na sijawahi kuombwa niharibu. Nilifunga tundu mpaka mwisho ili watoke wote sawasawa, maana nilidhani hiyo ndiyo haki. Walipoona picha kwenye kioo cha kamera, kila uso uko wazi, mmoja alijishika kifua. "Umetuita wote," alisema. Nikarudia. Nilizungusha pete mpaka wakawa madoa ya vitenge. Walinilipa na kunishukuru.

Juni 18, Jumanne

Leo nimepata mteja mwenye akili zake. Ngeleja, mfugaji wa Ilemba, Msukuma mrefu mwenye sauti ya mnadani, amepanda mlima na mkewe Mary kuuza ng'ombe. Alikuwa ameusikia uvumi huko mnadani.

"Nipige mimi," alisema. "Nione hata tundu za ndui. Wafipa mna mambo."

Mary alikataa kusimama naye, akakaa kwenye benchi la Sharon akisukwa. Nilimpiga Ngeleja tundu likiwa wazi, wekundu ukiwa kwenye mboni za macho. Katoka vizuri mno. Ameagiza kubwa ya ukutani.

Juni 20, Alhamisi

Naandika hili nikiwa nimeufunga mlango.

Mchana aliingia mtu anaitwa Loth, mfanyabiashara wa mahindi, mtu mpole, shati limepigwa pasi. Alisalimia vizuri, akaulizia mavuno ya mama, akasifu fremu zangu. Kisha akasema anataka picha ya familia Jumapili, nyumbani kwao.

"Kaka yangu mkubwa atakaa katikati," alisema. "Yeye ndiye umfokasi. Sisi wengine tufifishe."

Nilimuuliza kwa nini yeye peke yake.

"Ni mkubwa. Ni heshima yake." Alikuwa akigusa kingo za fremu moja moja, kama anatafuta vumbi. "Nasikia ikitoka kwako haikosei."

Nilimwambia lenzi imeharibika. Alitazama kamera mezani, lenzi ikiwa juu yake, akatabasamu.

"Basi nitasubiri ipone, dada."

Akaondoka taratibu. Mpaka leo nilikuwa naona ni upuuzi wa wanawake wa benchi la nyuma. Lakini mtu mwenye shati la pasi ameingia mchana kweupe kuja kununua kifo cha ndugu yake kwangu, bila aibu, kama anaagiza kadi za mwaliko. Aliamini kabisa. Na imani yake imebaki humu chumbani baada ya yeye kutoka. Nimeogopa, nami nasema wazi: nimeogopa kwa sababu nimeanza kuamini.

Juni 22, Jumamosi

Mama alikuja mjini, akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya pazia la bluu kupumzisha miguu. Kamera ilikuwa mezani imewashwa, imemwelekea. Kwenye kioo cha kamera niliona chembe nyekundu zinatembea kwenye shavu lake. Niliifunika kwa mkono.

Juni 26, Jumatano

Nimegombana na Sharon. Alikuwa amemsuka mama mabutu, amempiga picha kwa simu, mama anacheka, meno yote nje, kila kitu kimetoka. Alinionyesha akidhani nitafurahi. Nilimwambia aifute.

"Dada, hii ni simu. Siyo ile lenzi."

"Futa."

"Mama mwenyewe kaipenda."

Nilimnyang'anya simu, nikafuta, nikaingia hata kule zinakokaa zilizofutwa nikafuta na huko. Mama alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, hakusikia, ananitabasamia.

Juni 30, Jumapili

Hospitali wamesema moyo wa mama umetanuka. Wamempa vidonge vya kukojoa maji na vingine vya presha. Amesema hatavimeza siku za kupura ulezi kwa sababu hawezi kukimbilia chooni kila saa mbele za watu. Nimembembeleza, nimefoka, nimemwita hadi kaka yangu Yonas kwenye simu kutoka Mpanda amfokee. Amekubali kuvimeza jioni, wakati daktari alisema asubuhi.

Julai 5, Ijumaa

Ngeleja kaja kuchukua picha yake kubwa. Mzima, kanenepa, kaniachia kibuyu cha maziwa ya mgando. Nimeyanywa yote peke yangu.

Julai 6, Jumamosi

Ulezi umepurwa. Nilipiga picha wanawake wakipepeta, makapi yanaruka, jua limekaa upande. Mama alikuwepo. Kila alipoingia kwenye picha nilizungusha pete, nikafokasi ungo wa mtu mwingine, gunia, kuku. Nimekuwa fundi wa kumkosa.

Julai 10, Jumatano

Baridi kali. Majani yaliganda asubuhi kule bondeni. Mafuta ya zamani ndani ya lenzi yamekuwa mazito, pete inazunguka kwa kugoma. Naipasha kwapani kabla ya kazi. Mchana ilikuwa na joto langu, nikahisi kama nimeshika mkono wa mtu. Nikaiweka chini.

Julai 14, Jumapili

Nilifika Pito baada ya misa. Mama hakwenda kanisani. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti, mbele ya dirisha la sebuleni, anaota jua. Amevaa gauni la Pasaka na kilemba chake cheupe. Nilidhani anasubiri wageni.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi umependeza hivyo?"

"Marahaba. Nakusubiri wewe. Umekuja na lenzi ya baba yako?"

Nilikuwa nayo, naenda kwenye ubarikio jioni. Sikuweza kudanganya, kamba ya kamera ilikuwa shingoni.

"Nipige," alisema.

Nilimwambia jua ni kali. Akasema jua la Julai halijawahi kuwa kali. Nilimwambia betri. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni nikisema sijala sukari.

"Silvana, nasikia maneno yao. Wamekuja kuniambia mpaka hapa uwanjani. Wanasema baba yako anaita watu wake."

"Wewe unaamini?"

"Baba yako akiwa hai alikuwa haniiti hata chakula kikiwa tayari, nilimfuata mwenyewe." Alivuta pumzi. Siku hizi sentensi moja anaigawa mara mbili. "Sijui kama naamini. Ila kama ni kweli, mimi sigombani naye. Na kama si kweli, wajukuu zangu wa Mpanda hawanijui sura. Nataka nionekane, mwanangu. Nipige nionekane."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilifungua tundu lote. Nilizungusha pete mpaka wekundu ukapanda kwenye kidevu, ukapita midomoni, ukakaa kwenye macho. Alikuwa mzuri. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anaitazama lenzi, na alilainika uso kama mtu aliyefunguliwa mlango na mtu anayemjua. Sijawahi kumwona mama na uso ule. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Nikazungusha. Nilizungusha kwenda mbele, zaidi, macho yakayeyuka, pua ikayeyuka, kilemba kikawa wingu jeupe. Chembe nyekundu zikarukia kwenye kioo cha dirisha nyuma yake na kuchezacheza huko, sikujali. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena ili ajue nimefanya kazi.

"Nione," alisema.

Nilimwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Macho yake ya karibu yamekwisha siku nyingi, kila kitu kilicho karibu anakiona ukungu. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Nimependeza," alisema.

Nikamwambia ndiyo, mama, umependeza sana.

Julai 15, Jumatatu

Sikufanya kazi.

Julai 18, Alhamisi

Loth kapita nje ya studio, kanipungia mkono. Wanasema kaka yake amehamia Mbeya. Nilifurahi kupita kiasi.

Julai 21, Jumapili

Mama amelazwa. Anapumua akiwa amekaa. Aliniuliza kama nimeshaisafisha ile picha, nikamwambia bado, foleni ni kubwa.

Julai 22, Jumatatu

Amefariki alfajiri. Nilikuwa nimetoka kumtafutia maji ya moto. Niliporudi muuguzi alikuwa anamfunga kidevu.

Julai 23, Jumanne

Yonas kafika kutoka Mpanda na wanawe. Mama mdogo Fransiska, mdogo wake mama, kashika msiba jikoni. Kwenye saa nne Yonas alinijia pale nilipokaa na wanawake.

"Dada, picha ya fremu. Wewe tena, hatuna wasiwasi."

Niliondoka kwenda studio. Nilifungua kompyuta, nikaanza Mei. Kila alipo mama, hayupo. Hapa ni gauni lake na ukungu, hapa ni mkono unaoelea juu ya ungo unaoonekana kila uzi. Kabla ya Mei hakuna, kwa sababu mimi nilikuwa napiga mama za watu, na mama yangu alikuwa ndiye anayenishikia begi. Zile alizopiga baba zipo, mama akiwa msichana mwenye shingo ndefu ambaye wajukuu watadhani ni mimi. Nilitafuta mpaka nikaishiwa.

Nilikwenda saluni kwa Sharon. Sikumwomba kitu, nilisimama tu mlangoni. Alitoa simu, akatafuta, ingawa tulijua wote wawili. "Haipo, dada," alisema, akaanza kulia, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Niliporudi kwenye kompyuta ndipo nilipoelewa. Mtu akifiwa, analeta picha ambayo marehemu anaonekana. Haleti ile asiyoonekana. Msimu mzima wateja wangu wamekuja na picha za lenzi ile, maana ndizo mpya, na kila aliyekufa alikuwa yule aliyetoka vizuri, kwa sababu asingetoka vizuri wasingeileta kwangu. Wangapi walionekana vizuri na wako shambani sasa hivi wanapakia mahindi? Ngeleja aliniachia maziwa mezani. Nikayanywa bila kufikiri.

Mama alikuwa anakufa kwa moyo. Ningeweza kumpiga macho yake yote mawili na angekufa Jumatatu ileile, na leo ningekuwa na uso wake.

Kitambulisho chake cha taifa nilikikuza. Kimetoka vumbi la kijivu, mtu kama amekamatwa. Nilikipeleka, mama mdogo akakigeuza juu chini. "Huyu si dada," alisema, akanirudishia.

Ikabaki ile ya Julai 14. Niliifungua ikajaa kioo chote, ndipo nikaona. Nilipoisogeza fokasi mbele, ilimpita mama ikaingia kwenye kioo cha dirisha nyuma yake, ikamkuta mtu aliyekuwa ndani ya kioo hicho. Ni mimi. Nimepiga magoti, kamera usoni, jicho moja limefumba, vidole viko kwenye pete. Naonekana mpaka mshono wa blauzi. Niko juu kidogo ya bega lake.

Ningeweza kujifuta, ni kazi ya dakika chache. Ningeweza kukata, ila ningemkata na yeye bega. Nilikaa na kipanya cha kompyuta mkononi. Nimechoka kufifisha watu. Nikachapisha vilevile.

Julai 24, Jumatano

Tumemzika Pito, karibu na baba. Upepo ulikuwa unazipeperusha khanga na padri alishika kitabu kwa mikono miwili.

Mtoto wa Yonas, Angela, ndiye aliyebeba fremu mbele ya jeneza. Kabla ya kutoka nyumbani Yonas alikuwa ameitazama kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo uliyompiga?"

"Ndiyo."

"Uso wake uko wapi, Silvana?"

Nilimwambia nimeutoa mwenyewe kwa mkono wangu. Nilimwambia kwa nini, mbele ya mama mdogo na wanawake wa jumuiya. Nilitaka anipige kofi. Aliweka fremu mezani, akatoka nje, akarudi macho mekundu. "Amekaa anavyokaa," alisema. "Hiyo shingo ni yake." Ikabaki hiyo.

Wakati wa kuaga, watu walipita mmoja mmoja. Angela alikuwa amesimama na fremu kifuani, na mdogo wake, ambaye alimwona bibi yake mara moja tu akiwa mchanga, aliinua uso kuitazama. Akaweka kidole kwenye kioo cha fremu, pale juu ya bega.

"Bibi ni huyu?"

Mstari ulisimama. Nyuso zikainama kuangalia kidole chake kilipo, kisha zikainuka kunitazama. Wakaendelea kupita.

Julai 30, Jumanne

Nimerudi Majengo. Watu wamekuwa wema kwangu na siupendi wema huu. Mzee Valerian kaniletea debe la unga wa ulezi, akanishika mkono na hakuuachia haraka. Mwenyekiti wa jumuiya kaniuliza kama nimeungama mwaka huu. Mtu niliyekuwa nikimdai fremu mbili kalipa bila kuombwa. Mama mdogo Fransiska kalala kwangu siku mbili, na usiku wa kwanza nilimsikia akija kusikiliza kama napumua. Wananiaga. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitafungua studio lini.

Najua inavyokuwa. Nimeeleza hapo juu, nimejisomea tena asubuhi, hesabu yangu ni sahihi. Lakini kila kifua kikinibana kidogo, namwona yule mtu ndani ya dirisha.

Agosti 2, Ijumaa

Leo nimefungua. Nimefagia, nimepangusa fremu, nimekaa kwenye kiti cha wateja mbele ya pazia la bluu. Nimemwita Sharon, nikampa kamera na lenzi ya baba juu yake.

Alirudi nyuma. "Dada, mimi siwezi. Niombe kitu kingine."

"Ni pete tu. Unazungusha kidogo kidogo. Utaona wekundu unanipanda usoni. Ukifika kwenye macho, simama, bonyeza."

"Halafu?"

"Halafu watoto wa Yonas watakuwa na sura ya shangazi yao."

Alipangusa mikono kwenye aproni. Aliinua kamera, nikaona lenzi inanielekea, nyeusi, na ndani yake kitu kidogo cheupe ambacho ni mlango wangu. Nilitamani kufumba macho. Nilisikia pete ikizunguka, baridi bado iko ndani ya mafuta yake, inagoma.

"Dada, nikikosea?"

"Rudia," nilimwambia. "Bado nipo."